Fundo la Kumi na Moja: Ugwe wa Kuhesabia Siku, Herufi na Programu katika Historia ya Maandishi Masasi na Newala

Ikisiri

Historia ya maandishi katika Afrika Mashariki kwa kawaida huanzia katika miswada ya pwani iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha huhamia kwenye herufi za Kirumi zilizoenezwa na misheni na serikali za kikoloni. Kwa mpangilio huo, Masasi na Newala huonekana kama mahali palipokuwa pakingoja kuandikiwa. Makala hii inauchunguza ugwe wenye mafundo 11 ambao Karl Weule aliueleza baada ya safari yake ya mwaka 1906, na kuusoma sambamba na vitabu vya kwanza vya misheni, fonografu, na namna programu za kompyuta zinavyohesabu siku. Hoja yetu ni kwamba ugwe ule ulikuwa matini iliyokamilishwa na maneno yaliyosemwa wakati wa kukabidhiwa, na kwamba uhaba wake katika hifadhi za nyaraka unatokana na namna ulivyosomwa.

Utangulizi

Mwaka 1915 Karl Weule, mkurugenzi wa Makumbusho ya Ethnografia ya Leipzig, alichapisha kitabu kidogo cha Kijerumani ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa Kutoka Kijiti cha Chale hadi Alfabeti. Jina hilo lina nadharia nzima ndani yake. Chini ya ngazi kuna kijiti chenye chale na kamba yenye mafundo. Juu kabisa kuna herufi. Jamii hupanda ngazi hiyo hatua kwa hatua, na ile inayobaki chini huitwa jamii isiyo na maandishi. Weule hakuwa mtu wa maktaba tu. Miaka tisa kabla ya hapo, katika nusu ya pili ya mwaka 1906, alipita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na wapagazi, kamera ya sinema na fonografu, na ni katika safari hiyo alikoujua ugwe unaojadiliwa hapa.

Ngazi ile haijatoweka katika taaluma yetu. Masimulizi ya historia ya fasihi ya Kiswahili huanza Pate na Lamu, hutaja Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, hushuka Mombasa na Unguja, hufika Kilwa, na kusini ya hapo hunyamaza hadi misheni zinapoingia. Vita vya Maji Maji vilipata utenzi wake, ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini, lakini mtunzi huyo alikuwa mtu wa Lindi, na Lindi ni pwani. Ukitoka Lindi kwenda bara hadi Masasi, kisha ukapanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala, utaelezwa habari za jando na unyago, nyimbo, vitendawili na vinyago. Utaambiwa kuwa hapa ni nyumbani kwa fasihi simulizi. Ni kweli, ila ni ukweli unaotumiwa kufunga mjadala: kwa kuwa watu hawa walisema, basi hawakuandika. Kati ya kusema na kuandika kuna eneo pana ambalo wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili hawajalipima sawasawa, na ugwe wa mafundo umo katika eneo hilo.

Ugwe na maneno yake

Masimulizi yenyewe yamo katika kitabu cha safari ambacho Weule alikichapisha Leipzig mwaka 1908, na ambacho Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1909. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mwanamume wa Kimakonde anayekwenda safari huchukua ugwe wa gome la mti, hufunga mafundo 11, kisha humkabidhi mkewe. Hampi na kuondoka. Hushika fundo moja moja na kulieleza. Fundo la kwanza ni siku hii anayoondoka. La pili ni kesho, atakapokuwa njiani, na mwendo utaendelea siku zinazofuata. Akifika fundo la tano husema kuwa hapo ndipo atakapofika mwisho wa safari. La sita ni siku ya kukaa huko. La saba ni siku ya kuanza kurudi. Kisha humwagiza mkewe asisahau kufungua fundo moja kila siku, na kwamba siku ya kumi atalazimika kupika, kwa sababu siku ya kumi na moja mumewe atakuwa amerudi.

Jambo la kwanza la kutazama ni hesabu. Kutoka fundo la kwanza hadi la tano kuna hatua nne. Kutoka la saba hadi la kumi na moja kuna hatua nne vilevile. Njia ya kwenda na njia ya kurudi zina urefu mmoja, na katikati kuna siku moja ya kukaa. Maelezo haya yalipita katika vinywa na lugha kadhaa kabla ya kuchapwa, na bado hesabu yake imesimama. Mtu aliyetunga mpangilio huo hakuwa akikisia.

Jambo la pili ni aina ya maneno yaliyomo. Maneno ya mume ni ya namna mbili. Kwanza kuna taarifa: nitakuwa hapa, nitakuwa kule. Pili kuna maagizo: fungua fundo moja kila siku, likifika la kumi, pika. Maagizo haya yana sura ambayo mwanafunzi yeyote wa sayansi ya kompyuta ataitambua mara moja. Kuna tendo linalorudiwa, kuna sharti linaloangaliwa katika kila marudio, kuna tendo la pekee ambalo hufanyika sharti linapotimia, na kuna mwisho. Hatusemi kwamba Wamakonde walikuwa na kompyuta. Mzaha wa aina hiyo hauwasaidii wala hauisaidii taaluma. Tunasema kwamba kutenganisha data na maagizo, na kuyakabidhi yote mawili kwa mtu mwingine atakayeyatekeleza wakati mtungaji hayupo, ni jambo ambalo watu wa uwanda huu walikuwa wakilifanya kwa ugwe wa gome.

Kwa nini mapishi yaanze siku ya kumi wakati mgeni anafika siku ya kumi na moja? Anayeijua Newala hatashangaa. Uwanda wa Makonde hauna mito wala vijito juu yake. Mvua huzama mchangani na maji hutoka kwenye miteremko na mabondeni chini. Kabla ya miradi ya maji ya karne ya 20, mwanamke aliyetaka kupika alianza kwa kushuka na kupanda mteremko. Ukiongeza kazi ya kutwanga nafaka, chakula cha mtu aliyetoka mwendo wa siku nyingi hakiwezi kuwa jambo la kushtukizwa asubuhi. Fundo la kumi, kwa maoni yetu, limebeba jiografia ya mahali. Lingefungwa Lindi, huenda agizo lake lingekuwa jingine.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa wanafasihi. Ugwe huu husomwa kwa kufutwa. Kila siku msomaji hufungua fundo, na siku ya kumi na moja kinachobaki ni uzi mtupu usiotofautiana na uzi mwingine wowote. Tunajua matini zinazosomwa na kubaki, kama vile kitabu, jiwe la kaburi au barua. Hii ni matini inayoisha inaposomwa vizuri. Ugwe unaoweza kuwekwa katika kabati la makumbusho ukiwa na mafundo yake yote ni ugwe ambao haukusomwa. Kwa hiyo, mtafiti anayeingia katika hifadhi za nyaraka na kukuta mambo machache sana kutoka uwanda wa Makonde kabla ya 1876 hana haki ya kuhitimisha kuwa hapakuandikwa kitu. Anachoshuhudia ni tabia ya chombo.

Mfano wa Andes waweza kutusaidia hapa. Himaya ya Inka iliacha kamba nyingi za mafundo ziitwazo khipu. Leland Locke alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuwa nyingi zimebeba tarakimu kwa mfumo wa makumi, na Gary Urton amependekeza, katika kitabu cha mwaka 2003, kuwa namna ya kufunga fundo ilifuata chaguo la kuwili linalokaribia lugha ya kompyuta. Hata hivyo, wataalamu waliozisoma kamba hizo kwa sauti walitoweka katika ukoloni wa Wahispania, na leo watafiti wanazo kamba bila maneno yaliyoziambatana. Newala tuna hali iliyo kinyume. Kamba zimefunguliwa na kuisha, lakini maneno ya kukabidhi angalau mara moja yalinakiliwa. Kati ya hasara hizi mbili, yetu ni nafuu.

Herufi kando ya fundo

Weule alipofika, herufi za Kirumi zilikuwa zimeishi nchini humo miaka 30. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati (UMCA) aliongoza msafara wa watu walioachwa huru kutoka utumwani, akitoka nao Unguja, na wakaweka makazi Masasi. Mwaka huohuo mkusanyo wake mdogo wa Kimakonde ulichapwa Unguja. Ule wa Kiyao ulikuwa umetoka mwaka 1871, na Chauncy Maples akatoa wa Kimakua mwaka 1879. Baada ya uvamizi wa mwaka 1882, sehemu ya kazi ya misheni ilihamia Newala karibu na Matola, mkuu wa Wayao. Cecil Majaliwa, Myao aliyepewa upadri mwaka 1890 akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kuufikia, alifanya kazi Chitangali kwa miaka. Kulikuwa na shule, kulikuwa na wasomaji, kulikuwa na barua zilizotembea kati ya vituo.

Mwaka 1905 kituo cha Masasi kilichomwa moto katika Vita vya Maji Maji. Weule alipita mwaka uliofuata, nchi ikiwa bado na makovu mapya.

Tarehe hizi zinaivunja ngazi. Kama fundo lingekuwa hatua inayotangulia herufi, lingepaswa kurudi nyuma herufi zilipoingia. Vyote viwili vilitumika katika nchi moja, na yawezekana katika ukoo mmoja. Sababu si ngumu kuiona. Barua inaweza kusema siku nitakayorudi, lakini barua haipungui kila siku. Inamwachia msomaji kazi ya kukumbuka leo ni siku gani, na kazi hiyo ni ngumu pale ambapo hakuna kalenda ukutani. Ugwe unaishika hesabu wenyewe. Kwa kazi hii moja, fundo lilikuwa chombo bora kuliko wino, na watu walikichagua chombo kwa kazi yake kama wanavyofanya popote.

Herufi nazo zilikuja na makubaliano yake, ambayo sasa tumeyasahau kiasi cha kuyadhani kuwa ni maumbile. Mfano ulio karibu ni ng'. Katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, Steere aliitenga sauti hii na ng ya kawaida kwa kuiwekea ritifaa, na kuieleza kuwa ni sauti ya pekee ya Kiafrika. Faida ya uamuzi huo kiuchapaji ni dhahiri: ritifaa tayari imo katika sanduku la herufi za chuma la kila mpiga chapa wa Kiingereza, na hakuna haja ya kuyeyusha herufi mpya. Katika karatasi hakukuwa na tatizo. Msomaji alijua kuwa alama ile ni sehemu ya herufi, kwa kuwa alifundishwa hivyo.

Kompyuta haikufundishwa hivyo. Katika mfumo wa Unicode kuna angalau alama tatu ambazo kwa jicho hufanana: ritifaa iliyonyooka (U+0027), alama ya kufungia nukuu (U+2019) na ritifaa iliyo herufi (U+02BC). Baobonye ya kawaida hutoa ya kwanza; programu ya kuandikia mara nyingi huigeuza kuwa ya pili bila kuuliza; ya tatu, ambayo ndiyo pekee kati yao inayohesabiwa kuwa herufi, karibu hakuna anayeitumia. Matokeo yake anayefanya utafiti kwa kongoo ya kielektroniki huweza kukuta ng'ombe amepasuliwa kuwa maneno mawili, au neno lilelile likihesabiwa mara mbili kama maneno tofauti. Lugha nyingine za Kusini zinazotumia alama hiyohiyo, Kiyao kikiwamo, zinarithi tatizo hilo pamoja na alama yenyewe. Alama imesafiri kutoka sanduku la chuma hadi kwenye kioo, ila maneno ya kukabidhi hayakusafiri nayo.

Kuhesabu kuanzia wapi

Weule hakukijua Kimakonde kwa kiwango cha kuandika hotuba kama ile moja kwa moja. Alitegemea Kiswahili na wakalimani, akaandika kwa Kijerumani. Hatua ya Kiswahili haionekani katika kitabu. Tukijaribu kuirudisha hotuba ya mume katika Kiswahili, tunakutana na jambo la kushangaza kidogo. Fundo la kwanza ni leo. La pili ni kesho. La tatu ni keshokutwa. La nne, kwa hesabu inayofuatwa na wengi, ni mtondo. La tano ni mtondogoo. Hapo Kiswahili kinaishiwa. Hakuna neno moja la siku inayofuata mtondogoo. Kuanzia hapo mzungumzaji lazima ashike tarakimu. Na fundo la tano ndilo ambalo mume anasema amefika. Bila shaka huu ni mgongano wa bahati tu, kwa kuwa safari nyingine zingekuwa na urefu mwingine. Lakini unaonesha vizuri mahali ambapo chombo kinahitajika. Lugha ina majina ya siku kwa umbali ambao kumbukumbu inaweza kuubeba, na ugwe unaanza kufaa pale majina yanapokwisha.

Hapa pia ndipo lilipo tatizo ambalo waandishi wa programu hulijua kwa uchungu: je, hesabu inaanza na sifuri au na moja? Ukisema leo ni siku ya kwanza, mtondogoo ni ya tano. Ukisema kesho ni siku ya kwanza baada ya leo, basi leo ni sifuri na mtondogoo ni ya nne. Mtu anayelitafuta neno hili katika kamusi anapaswa kuangalia kwanza kama maelezo yake yanaihesabu leo ndani au yanaiacha nje. Mwaka 1982 Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, aliandika waraka mfupi akitetea hesabu inayoanza na sifuri, na lugha nyingi za programu hufuata desturi hiyo: kitu cha kwanza katika safu kina nafasi ya 0. Ugwe wetu unafuata desturi nyingine. Fundo la kwanza ni siku yenyewe ya kuondoka, na mafundo 11 yanafanya siku kumi tu za kungoja. Anayehesabu mafundo bila kusikia maneno atapika siku isiyostahili.

Majina ya siku za juma yamebeba mgogoro uleule, na hapa Kiswahili ni mfano ambao ungefaa kutajwa katika kila darasa la programu. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, na kuendelea hadi Jumatano, ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni ya tano. Juma moja lina siku mbili za tano zinazofuatana, kwa sababu Waarabu walianza kuhesabu Jumapili na Waswahili wakaanza siku inayofuata Ijumaa. Mzungumzaji hasumbuliwi na hilo hata kidogo. Mashine ndiyo inayosumbuka. Katika lugha ya programu ya C, Jumapili huhifadhiwa kama 0. Katika Java ya zamani ni 1. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 ni 7. Na katika jina lake la Kiswahili ni 2. Namba nne kwa siku moja, na kila moja ni sahihi mradi ujue aliyeianza alianzia wapi. Saa zetu ni vivyo hivyo: simu inapoonesha 7:00, msomaji wa Newala anasoma saa moja asubuhi bila kuhisi kuwa ametafsiri chochote.

Mume wa ugwe aliliondoa tatizo hili kwa kitendo kimoja. Aliligusa fundo la kwanza na kusema kuwa hii ni leo. Hakutoa kanuni ya jumla kama Dijkstra. Alionesha kwa kidole. Katika isimu tungeita kitendo hicho uonyeshi, yaani maana inayopatikana kwa kuwapo pamoja mahali na wakati mmoja. Ni uonyeshi huo unaougeuza ugwe kuwa kalenda. Kwa hiyo, tukitaka kuuhesabu ugwe kuwa matini, hatuwezi kuuhesabu peke yake. Matini ni ugwe pamoja na tendo la kukabidhi.

Inafaa kusema neno kuhusu istilahi. Wataalamu wa mitandao ya kompyuta hutumia neno nodi kwa sehemu ambapo viungo hukutana. Neno hilo limetoka katika Kilatini nodus, maana yake fundo. Tumelikopa kwa njia ndefu neno ambalo tulikuwa nalo. Sipendekezi kulifuta nodi, kwa kuwa istilahi hukaa kwa matumizi na si kwa nasaba; lakini mwalimu anayefundisha safu na nodi Masasi anaweza kuanza na ugwe na kueleweka. Na asiende mbali zaidi ya hapo. Kuna kishawishi cha kuunganisha fundo na kufunda, kitenzi cha unyago, na fundi, kana kwamba mafunzo yote ni kufunga mafundo. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja, na mchezo huo umekwisha kuwaharibia wengi kazi zao.

Nta na filimbi

Weule aliamini zaidi mashine. Fonografu yake ilinakili sauti kwenye mcheduara wa nta, na kwa kifaa hicho alinasa nyimbo na sauti za watu wa Kusini. Ungetarajia kuwa mashine inayonasa sauti yenyewe haihitaji makubaliano yoyote. Inayahitaji. Kasi ya mzunguko wa mcheduara haikuwa thabiti, na ukizungushwa kwa kasi isiyo yake, wimbo wa mtu mzima huwa wa mtoto. Kwa hiyo, Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900 na kuongozwa baadaye na Erich von Hornbostel, iliwaelekeza wasafiri wapulize filimbi ya mlio maalumu, wa mitetemo 435 kwa sekunde, mwanzoni mwa kila rekodi. Anayesikiliza baadaye hurekebisha kasi hadi filimbi isikike sawa, na hapo sauti zote zinazofuata hukaa mahali pake. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza mikusanyo ya awali ya mcheduara ya hifadhi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Filimbi ile ni fundo la kwanza. Inamwambia msikilizaji asiyekuwapo mahali pa kuanzia. Tofauti ni kwamba filimbi hupulizwa na msafiri kwa ajili ya msomaji wa Berlin, na mwimbaji aliye mbele ya pembe ya fonografu hana sehemu katika makubaliano hayo. Anaimba katika chombo ambacho hatakisoma. Ugwe wa gome ulifungwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu anayemjua kwa jina, na wote wawili walijua hesabu inaanzia wapi. Kwa kipimo hicho, kati ya vyombo vyote vilivyokuwa Newala mwaka 1906, ugwe ndio uliokuwa na mwandishi na msomaji katika nyumba moja.

Msomaji

Msomaji huyo ni mwanamke, na jambo hili halijapewa nafasi yake. Katika mijadala ya ujuzi wa kusoma Kusini mwa Tanzania tumezoea kuwataja makatekista, walimu, makarani na wapagazi waliojua herufi, karibu wote wanaume. Ugwe unamweka mke katika nafasi ya msomaji na mtekelezaji. Ni yeye anayefungua fundo kila siku. Ni yeye anayetambua kuwa la kumi limefika. Ni yeye anayejua, mume asiporudi siku ya kumi na moja, kwamba jambo limeharibika, na kwa siku ngapi. Mwaka mmoja baada ya vita kuzuka na katika njia zilizopitwa na askari, wapagazi na watoza kodi, uwezo wa kujua kuwa mtu amechelewa kwa siku mbili na si kwa nne ulikuwa na thamani kubwa. Uzi mtupu mkononi ulikuwa habari.

Kuna swali dogo la kiufundi ambalo yeye pekee angelijibu. Fundo la siku lilifunguliwa asubuhi siku inapoanza, au jioni inapokwisha? Kama ni asubuhi, siku ya kupika ilikuwa ile iliyobaki na fundo moja. Kama ni jioni, alipokwenda kuteka maji kwa ajili ya mapishi bado alikuwa na mafundo mawili. Swali hili linafanana na lile ambalo mwandishi wa programu hujiuliza anapoamua kama kihesabio kipunguzwe kabla ya sharti kuangaliwa au baada yake, na makosa mengi ya programu hutokea hapo hapo. Kwa Waswahili wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapotua, jibu lingeweza kuwa jingine tena. Mume, katika maneno yaliyonakiliwa, anasema tu kila siku fundo moja. Hakueleza zaidi kwa sababu mkewe alikuwa akijua. Weule ameyaweka maneno ya mume yote, kuanzia fundo la kwanza hadi la kumi na moja. Katika ukurasa huo mke hajibu kitu.